Mgeni Asiyepewa Jembe: Sherifu na Haramia katika Filamu ya Kauboi na katika Utenzi wa Fumo Liyongo

Utangulizi

Filamu za kauboi hazijakaribishwa vyema katika uhakiki wa Kiswahili. Mhakiki wetu, pale anapozitaja, huzitaja kama mfano wa makapi ambayo biashara ya nchi za Magharibi imewamwagia vijana wa miji ya Afrika Mashariki, kisha akarejea haraka kwenye tenzi, riwaya na tamthilia. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake. Filamu nyingi za aina hiyo ni dhaifu kwa fani na ni hatari kwa maudhui, hasa zinavyomsawiri Mhindi Mwekundu kama kiumbe asiye na haki ya nchi yake. Hata hivyo, hukumu isiyotanguliwa na usomaji haiwezi kuitwa uhakiki. Kazi ambayo watu wameitazama kwa miongo kadhaa, wakaicheka, wakaisimulia upya na kuipa majina ya kwao, inastahili angalau kuulizwa inasema nini.

Makala haya yanaichunguza filamu moja tu, tena iliyotengenezwa kwa fedha kidogo: Per un pugno di dollari ya mwongozaji wa Kitaliano Sergio Leone (1964), iliyoenea duniani kwa jina la A Fistful of Dollars. Filamu hiyo inasomwa hapa sambamba na Utenzi wa Fumo Liyongo, kama ulivyotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi hizi mbili zinakubaliana kuhusu sheria na zinatofautiana kuhusu ujamaa. Zote mbili zinamwonyesha mtawala ambaye sheria yake ni woga au faida. Lakini shujaa wa filamu ni mgeni anayekuja na kuondoka, ilhali shujaa wa utenzi ni mwenyeji asiye na pa kwenda. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumshughulisha mhakiki wa Kiswahili.

Usomaji wowote una mahali pake pa kusimama. Usomaji huu umesimama Timbwani, katika Likoni, ng'ambo ya kusini ya mlango wa Kilindini. Katika enzi ya majumba ya sinema, mtazamaji wa upande huo alilazimika kuvuka kwa feri hadi kisiwani Mombasa, kwenye majumba kama Regal, Naaz na Majestic, kisha avuke tena usiku kurudi kwake. Baadaye kanda za video, na hatimaye santuri, ziliivusha filamu yenyewe zikailetea bara vibanda vyake. Mtazamaji huyu ana kumbukumbu zake kuhusu sheria na uharamia, na haziachi mlangoni anapoingia kutazama.

Ufukara kama Fani

Filamu ya Leone iligharimu takriban dola 200,000, kiasi kilichokuwa kidogo sana kwa kipimo cha Hollywood ya wakati ule. Ilipigwa Hispania, ambako ardhi kame ilitumika badala ya mpaka wa Marekani na Meksiko. Mwigizaji mkuu, Clint Eastwood, alijulikana kwa mfululizo wa televisheni uitwao Rawhide, na hakuwa bado nyota wa sinema. Ili watazamaji waidhanie filamu kuwa ya Kimarekani, Waitaliano walioitengeneza walijificha nyuma ya majina ya kubuni: Leone akajiita Bob Robertson, na mtunzi wa muziki, Ennio Morricone, akajiita Dan Savio. Kisa chenyewe kilitokana na filamu ya Kijapani, Yojimbo ya Akira Kurosawa (1961), bila ya ruhusa. Wajapani walidai haki yao wakaipata, na mgogoro huo ulichangia kuichelewesha filamu kufika katika majumba ya sinema ya Marekani hadi mwaka 1967.

Basi tunayo kazi yenye kisa cha Kijapani, fedha za Ulaya, ardhi ya Hispania, mji wa kubuni wa Meksiko na majina ya Kimarekani. Ni kazi isiyo na kwao. Hata lugha haina. Kwa desturi ya sinema ya Italia ya wakati ule, waigizaji wa mataifa mbalimbali waliweza kusema kila mmoja kwa lugha yake mbele ya kamera, kisha sauti zikatiwa baadaye katika chumba cha kurekodia. Hivyo hakuna toleo la filamu hii linaloweza kudai kuwa ndilo lenye sauti ya asili, kwani katika kila toleo midomo na maneno vimeunganishwa baadaye.

Mhakiki wa haraka ataona kasoro hapo. Lakini ufukara huu umezaa fani. Kwa kuwa maneno hayaaminiki, filamu inategemea uso, jicho, mkono ulio karibu na bastola, na ukimya. Muziki wa Morricone, wenye mluzi, kengele na mlio wa mjeledi, hausindikizi kitendo tu, bali hukitangaza na kukitolea maoni, mfano wa kiitikio katika ngano. Eastwood mwenyewe alipunguza maneno ya mhusika wake, akatuachia mtu ambaye tunamjua kwa kutenda kwake.

Kazi yenye mapengo kama haya humwita msimulizi. Si ajabu, basi, kwamba filamu za kigeni zilipofika Afrika Mashariki zilipata watambaji wake. Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzitilia filamu sauti ya Kiswahili, akizifafanua na kuzikejeli. Nchini Kenya, DJ Afro amefanya kazi kama hiyo kwa Kiswahili cha mitaani. Wapo wanaowaona wasimulizi hawa kama waharibifu wa kazi za wenyewe. Lakini kwa filamu ambayo haikuwa na sauti yake tangu mwanzo, msimulizi haharibu kitu. Anakaa mahali palipoachwa wazi, na mahali hapo jadi yetu inapajua: ni pa mtambaji anayejua kwamba hadhira yake inakijua kisa na inasubiri kusikia kitasemwaje safari hii.

Nyota Kifuani

Kisa ni chepesi. Mgeni asiyejulikana anaingia San Miguel akiwa juu ya nyumbu. Mji umegawanyika baina ya familia mbili, akina Rojo wanaouza pombe na akina Baxter wanaouza bunduki. Mgeni anajiuza kwa upande huu na kwa upande ule, akichochea moto hadi pande zote mbili ziteketee. Anasaidiwa na Silvanito mwenye baa, na na mzee mtengeneza majeneza, ambaye ndiye mtu pekee mjini mwenye biashara inayostawi.

Tukio la mwanzo linatosha kutupa falsafa ya filamu. Watu wa Baxter wamemdhihaki mgeni na kumshtua nyumbu wake. Akiwa njiani kwenda kuwakabili, mgeni anamwagiza mzee wa majeneza atayarishe matatu. Anawaua watu wanne, na akirudi anamtaka radhi mzee kwa kukosea hesabu. Baina ya amri hiyo na radhi hiyo anajitokeza John Baxter, kiongozi wa genge, akamwonyesha mgeni nyota ya sherifu na kujitambulisha kuwa yeye ndiye sheria ya mji. Jibu la mgeni, kwa ufupi, ni kwamba kama yeye ndiye sherifu, basi awajibike kuwazika hawa.

Tukio hili linachekesha, na ndani ya kichekesho mna hoja. Katika filamu za kauboi za jadi ya Hollywood, nyota ya sherifu ni alama ya kiapo. Katika High Noon ya Fred Zinnemann (1952), mlinzi wa sheria anabaki peke yake kuwakabili maharamia baada ya mji mzima kumkimbia, na anapoitupa nyota yake mavumbini mwishoni, kitendo hicho kina uzito kwa sababu nyota ilikuwa na uzito. Kwa Leone nyota haina uzito wowote. Ni kipande cha bati ambacho mfanyamagendo amekibandika kifuani. Haramia naye hana haja ya kujificha. Ramón Rojo na watu wake wanavaa sare za askari wa Marekani, wakawamiminia rashasha askari wa Meksiko kando ya mto na kuwanyang'anya dhahabu. Sherifu ni haramia mwenye nyota, na haramia ni askari mwenye sare. Sheria katika San Miguel ni vazi, na vazi humkaa yeyote.

Sikio la Kiswahili lina jambo la kuongeza hapa. Neno sherifu, likitamkwa pwani, liko karibu mno na sharifu, jina la heshima la mtu wa ukoo wa Mtume. Maneno haya hayana asili moja. La kwanza linatokana na Kiingereza cha kale, la pili na Kiarabu, na kufanana kwao ni bahati tu. Lakini bahati hiyo ina funzo. Heshima ya sharifu imo katika nasaba, na jamii inaitambua hata asipovaa kitu. Heshima ya sherifu imo katika bati, na likibanduliwa hakibaki kitu. Mtazamaji wa pwani anayesikia jina hilo likipewa John Baxter anasikia kejeli ambayo Leone hakuikusudia, na ambayo inaikamilisha filamu yake.

Kwamba kejeli hii iliuma kunathibitishwa na Wamarekani wenyewe. Filamu ilipotayarishwa kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani katika miaka ya 1970, ilibuniwa na kupigwa sehemu mpya ya mwanzo ambamo mkuu wa gereza, akiigizwa na Harry Dean Stanton, anamwachia huru shujaa kwa sharti kwamba aende akausafishe mji ule. Mauaji yakawa yametumwa na serikali. Waliobuni nyongeza hiyo walitambua barabara mahali filamu ilipowakera. Walikuwa tayari kustahimili maiti, lakini si shujaa asiye na sheria nyuma yake.

Haramia wa Kwetu

Mwanahistoria Eric Hobsbawm, katika kitabu chake Bandits (1969), alieleza aina ya mhalifu ambaye dola humwita haramia ilhali wakulima humwona kuwa mtetezi wao. Fumo Liyongo hafai kuingizwa moja kwa moja katika kundi hilo, kwa kuwa ni mtu wa ukoo bora, shujaa na malenga. Hata hivyo hali yake inalingana nalo. Sultani wa Pate anamwogopa kwa nguvu zake na kwa mapenzi ya watu kwake, na woga huo unageuka hukumu. Liyongo hajavunja sheria yoyote. Kosa lake ni kwamba angeweza kutawala.

Mlingano wa kifani baina ya utenzi na filamu unashangaza. Mgeni wa Leone, baada ya kupigwa hadi kuvimba uso, anatoroshwa mjini ndani ya jeneza. Liyongo, akiwa amefungwa minyororo Pate, anatoroka kwa msaada wa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Katika kazi zote mbili, kitu duni ambacho walinzi hawakitaki ndicho kinachobeba uhai. Walinzi wa Liyongo huvila vyakula vizuri vinavyoletwa gerezani na kumwachia mfungwa mkate wa wishwa, na tupa imo humo. Kelele za ngoma ya gungu, aliyoiomba ichezwe kabla ya kuuawa, zinafunika sauti ya tupa ikikata chuma. Katika filamu, baruti inayolipuka ndiyo inayomtangulia mgeni anaporudi, na moshi wake ndio unaomfunika hadi aonekane barabarani.

Mlingano wa pili ni wa mwili. Ramón hupiga moyo, na hakosi. Mgeni anaijua tabia hiyo, akavaa bamba la chuma chini ya shuka lake, na kila risasi ya moyo inamwangusha bila kumuua. Liyongo naye hapenywi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Hapa ndipo njia zinapoachana. Kinga ya mgeni ni siri yake peke yake, na hana wa kumwambia. Siri ya Liyongo inajulikana kwa kuwa ana mwana, na baba hawezi kumficha mwana siku zote. Sultani hahitaji jeshi. Anahitaji kumwahidi kijana utajiri na binti wa kuoa. Moyo unaweza kuvikwa chuma, lakini kitovu ni kovu la kuzaliwa, mahali ambapo kila mtu aliwahi kufungamana na mwingine. Utenzi umechagua vyema mahali pa kumuulia shujaa wake.

Tofauti hii inaonekana pia katika usawiri wa wanawake. Marisol, mwanamke ambaye Ramón amemtenga na mumewe na mtoto wake, anaokolewa na mgeni, na kitendo hicho anakifanya bila malipo. Ni tukio zuri, lakini Marisol mwenyewe hapewi la kusema wala la kutenda kwa kadiri ya mateso yake. Katika utenzi mambo yamegeuka. Wanaomwokoa shujaa ni wanawake: mama yake anayeoka mkate na kijakazi Saada anayeubeba mbele ya walinzi. Mwishoni, Liyongo anapokufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi na mshale tayari, na mji mzima ukashindwa kuteka maji kwa kumdhania yu hai, ni mama tena anayeitwa kumbembeleza. Filamu ya Leone, pamoja na ustadi wake wote wa kupiga picha ya mtu mmoja katikati ya barabara tupu, haina taswira inayofikia hii ya mji wenye kiu mbele ya maiti ya aliyekuwa mlinzi wake.

Watazamaji wa Afrika Mashariki wana kanuni yao maarufu kuhusu filamu za namna hii: stelingi hafi. Kanuni hiyo ni uhakiki sahihi wa utanzu, na imesemwa kwa maneno mawili. Liyongo ni stelingi anayekufa. Anakufa kwa sababu ana watu.

Mgeni na Jembe

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa methali hiyo pekee, filamu ya Leone ingeonekana kana kwamba imetungwa pwani. Mgeni anakuja, na wabaya wa mji wanakwisha. Lakini wahenga hao hao walisema kwamba mgeni hukaribishwa siku mbili, na ya tatu hupewa jembe. Mgeni wa San Miguel hangoji siku ya jembe. Akina Baxter wameteketezwa pamoja na nyumba yao, akina Rojo wamelala barabarani, na yeye anaondoka, akitoa sababu kwamba serikali za Meksiko na Marekani zitakuja na hapendi kukutwa katikati yao. Nani atakayezika, nani atakayetawala, nani atakayeishi katika mji ambao waliobaki hai wanahesabika kwa vidole? Filamu haijibu, kwa kuwa haijui kulima.

Swali hilo halikwepeki kwa anayetazama akiwa Timbwani. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua polisi, wakachukua silaha na kukitia moto. Ghasia zilizofuata zilielekezwa hasa kwa watu waliotoka bara. Zaidi ya watu mia moja walikufa na maelfu mengi wakakimbia makazi yao. Kisha ukaja msako wa vyombo vya usalama, ambao nao uliacha malalamiko ya mateso miongoni mwa wenyeji. Tume iliyoongozwa na Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilichunguza mapigano ya kikabila nchini, yakiwemo hayo.

Kuyataja matukio hayo hapa si kuyageuza kuwa filamu. Kusudi ni kinyume chake. Kwa usiku mmoja bunduki za sheria zilibadilisha mikono. Waliojiita watetezi wa wenyeji waliwaua majirani wa wenyeji hao, na waliokuja na sare kuwalinda watu walilalamikiwa na watu. Vazi la sheria kumkaa yeyote ni jambo ambalo Likoni haikuhitaji kufundishwa na Leone. Lakini hapakuwa na mgeni wa kuondoka juu ya nyumbu kwa mluzi wa Morricone. Waliokuwepo walibaki, au walikimbia na baadhi yao wakarudi, na wote walihitaji kuvuka kwa feri moja, kununua katika duka moja na kuteka maji mahali pamoja. Hadithi inayolingana na hali hiyo si ya San Miguel. Ni ya kisima cha Liyongo, ambako kila aliyetaka maji ilimbidi ajue la kufanya na maiti ya ndugu.

Hapa ndipo filamu inapopungukiwa. Kejeli yake dhidi ya sherifu ni ya kweli na ina ujasiri. Tiba yake ni ya uongo, kwa sababu inamwaminisha mtazamaji kwamba udhalimu ni mali ya familia mbili, na kwamba zikichomwa udhalimu umekwisha. Kila aliyewahi kuwasubiri watu wa nje waje kuusafisha mtaa wake, wawe wenye sare au wasio nayo, anajua gharama ya imani hiyo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba filamu ya bei nafuu kuhusu sherifu na haramia inaweza kuhimili usomaji wa makini. Ufukara wake umezaa fani inayokaribiana na utambaji wetu, na maoni yake kuhusu nyota ya sheria yana ukali ambao hata televisheni ya nchi iliyoibuni kauboi ilijaribu kuutuliza. Sambamba na hayo, imebainika kwamba utenzi uliotungwa Lamu miaka hamsini na mmoja kabla yake unauliza swali zito zaidi, kwa kumweka shujaa mahali ambapo hawezi kuondoka.

Riwaya pendwa ya Kiswahili, kutoka Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla hadi Willy Gamba wa Elvis Musiba, imekwisha kutupa wapelelezi hodari wanaosimama upande wa dola. Bado inatudai kisa cha mtu anayesimama katikati, akijua kwamba sherifu ni mjomba wake na haramia ni mwanawe, na kwamba kesho asubuhi watakutana wote kwenye feri. Mwandishi atakayekiandika atakuwa amejifunza kutoka kwa Leone namna ya kunyamaza, na kutoka kwa Kijumwa kwa nini kitovu hakivikwi chuma.